Mgonjwa Hakuwa Yeye

Shehata alikuwa mtoto wa kuugua. Hivyo ndivyo watu wa Kafr Shubak walivyomjua tangu utotoni, na hivyo ndivyo dada yake Tawhida alivyomlea.

Kijiji chao ni cha mpunga na pamba, na mfereji hupita katikati yake. Zamani mambo yote yalikuwa pale mferejini: wavulana waliogelea, wasichana waliosha vyombo na nguo, nyati wa kufugwa walilala majini kupunguza joto. Kichocho kilimpata kila mtoto, mpaka mvulana aliyekojoa mkojo mweupe, usio na damu, alitaniwa kwamba bado hajakua. Dawa yake siku hizo ilikuwa sindano. Wauguzi walipanga watoto mstari kwenye ua wa shule, maji yakichemka kwenye sufuria ndogo juu ya jiko la mafuta. Sindano ilichovywa ikatolewa, ikachoma mkono huu, ikaenda mkono ule. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Watoto walipona kichocho kweli, na wazazi wao wakawaombea wauguzi dua.

Tawhida alikuwa amemzidi mdogo wake miaka sita. Kila mara alitangulia yeye kunyoosha mkono, halafu akageuka na kumwambia Shehata, "Umeona? Hata sikulia." Kisha akamshika begani mpaka naye amalize kuchomwa.

Mwaka mmoja, wiki kadhaa baada ya wauguzi kupita, Shehata aligeuka manjano. Macho, kucha, hata ulimi. Akawa anatapika kila anachopewa, na mkojo wake ukawa mweusi kama chai isiyo na maziwa. Mama yao alikwishaanza kuulizia sanda kwa siri. Tawhida ndiye aliyekaa naye kwenye mkeka, akimlambisha asali kwa kidole, akimtungia uongo kwamba mwenye rangi kama yake huwa ni mwana wa mfalme aliyepotea. Ndipo alipoanza kumwita Basha, kama walivyoitwa mabwana wakubwa wa enzi za wafalme, na jina likamganda. Manjano yalimtoka polepole, akainuka mkekani mwembamba kama ufito. Tawhida, aliyechomwa sindano zile zile, hakuumwa hata kichwa. "Huyu ana damu ya punda," mama yao alisema, na alisema kwa fahari.

Walikua. Tawhida akaolewa kijiji cha jirani, akakaa huko miaka bila kupata mtoto, akarudishwa nyumbani na sanduku lake na kuku wawili. Hakulalamika mbele za watu. Wazazi walipofariki, nyumba ikabaki na wao wawili, pamoja na kipande cha shamba na nyati mmoja jike. Shehata alijifunza ufundi wa vigae, na mkono wake ulikuwa mzuri. Alimchumbia Inshirah, binti wa jirani, msichana mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Ilibaki aende Ghuba, kwenye nchi za mafuta, afanye kazi, ajenge ghorofa juu ya nyumba ya baba yake, aoe.

Ajira ilipatikana, kupitia wakala wa mjini. Kikabaki kipimo cha damu, ambacho wote waliokuwa wakisafiri walipimwa. Shehata alisimama kwenye dirisha la maabara huku amekwisha nunua begi la safari. Kijana aliyekuwa ndani hakuinua hata uso. Alimwambia kwamba damu yake ina homa ya ini, ile ya tatu, aina ya C, ile mbaya, na viza haitolewi. Shehata aliuliza maana yake nini. Kijana akajibu kwamba maana yake ni ini kuoza taratibu, na akamwita aliyekuwa nyuma ya Shehata.

Habari haifichiki kijijini. Baba yake Inshirah alikuja akanywa chai, akasifu chai yenyewe, akazungumzia mvua, na alipokuwa anavaa viatu akasema kwamba fungu la mtu ni kwa Mungu na huenda hapa halikuandikwa. Neno lile lilimkata Shehata maini. Kabla ya mavuno ya pamba Inshirah alikuwa ameolewa mji mwingine. Pale mkahawani, mwenye mkahawa alianza kumtolea Shehata chai kwenye glasi yenye ufa, na Shehata akajua kwamba hiyo glasi ni yake peke yake.

Tawhida hakulia. Alimkuta amelala ubavu mchana kweupe, ameukabili ukuta, akamvuta blanketi.

"Inuka ule. Kuanzia leo hubebi kitu chochote katika nyumba hii. Jembe ni langu, maji ni yangu, birsimu, majani ya nyati, naikata mimi. Wewe kazi yako ni moja, kuishi."

"Watu watacheka, dada. Mwanamume mzima."

"Wacha wacheke. Meno ni yao."

Alifanya kama alivyosema. Alipandikiza mpunga ameinama kutwa, miguu ndani ya maji. Alibeba mizigo ya birsimu kichwani, mizigo mikubwa ambayo ukimwona kwa mbali ungedhani kichaka kinatembea. Alikamua, akatengeneza jibini, akaliuza sokoni, na kilichopatikana kikaenda kwenye asali na halua, kwa kuwa watu walisema ini hupenda vitamu. Paja la kuku lilikuwa la Shehata. Yeye alikula shingo na kusema anaipenda. "Basha amekula?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza akiingia ndani.

Mwanzoni Shehata alikataa, na mara mbili tatu alimnyang'anya jembe. Lakini mazoea yana taabu. Miaka ilipokwenda akajifunza kuugua. Alifanya kazi ndogo za vigae, chumba kimoja hapa, msala mmoja pale, na akihisi uchovu wa kawaida wa mtu aliyechuchumaa kutwa alirudi nyumbani akalala, akisikiliza ubavu wake wa kulia kama anayesikiliza mlango. Hakuoa. Kila mwaka alioamka hai alijiambia kwamba labda ni huu unaofuata. Kwenda hospitali aliogopa. Ya kazi gani, kuambiwa lile analolijua? Na haikumjia akilini, wala haikumjia mtu yeyote, kwamba dada yake naye alichomwa sindano zile. Wanaosafiri ndio waliopimwa. Tawhida alikuwa hasafiri.

Naye alianza kubadilika, taratibu mno kiasi kwamba aliyeishi naye hakuona. Viganja vyake viliiva wekundu. Jioni miguu ilimvimba, akasema ni umri. Alikonda mabega, tumbo likatoka, na wanawake wa mtaani wakamtania kwamba amepata mimba ya uzeeni. Alicheka pamoja nao.

Asubuhi moja ya majira ya baridi alikuwa akifunga mzigo wa birsimu pembeni ya shamba. Shehata alikuwa amekaa juu ya ukingo akimsimulia habari za mkahawani. Tawhida alipiga goti, akatapika. Ilikuwa damu, nyingi, nyeusi kama molasi, ikamwagika juu ya majani mabichi. Alitazama kile alichokitapika kwa mshangao, kama mtu aliyeona kitu cha jirani kimeletwa kwake kwa makosa. "Haya si yangu," alisema, kisha akaanguka.

Shehata alimbeba. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne alibeba kitu kizito, akakimbia nacho mpaka barabarani, na hata ndani ya pikapu ya jirani, akiwa amempakata, hakujiuliza nguvu zile zimetoka wapi.

Hospitali ya mjini waliifunga mishipa iliyopasuka kwenye njia ya chakula, wakamwongezea damu. Daktari aliyemtibu alikuwa mama wa makamo aitwaye Mervat, mwenye sauti ya chini na miguu iliyochoka. Alimwambia Shehata kwamba dada yake ana homa ya ini, ile ya tatu, na amekuwa nayo tangu utoto bila shaka. Ini limekwisha kusinyaa na kujaa makovu. Sindano za kupambana na kirusi zipo, lakini mwili wake hauzimudu tena, zingemmaliza mapema. Akataka Shehata naye apimwe.

Shehata alimwambia asijisumbue, yake anaijua tangu zamani. Daktari akauliza ni kipimo kipi alichopimwa. Hakujua. Akauliza anatumia dawa gani. Asali, alisema. Daktari Mervat alimtazama rangi ya macho, akambonyeza ubavu, kisha akamtuma atolewe damu ya kipimo cha pili, kinachomtafuta kirusi mwenyewe.

Majibu yalipokuja alimwita ofisini akafunga mlango.

"Bwana Shehata, wewe huna ugonjwa."

Alidhani hakusikia vizuri. Daktari akarudia. Kirusi hakimo mwilini mwake hata kimoja. Kilichomo ni alama tu, kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza siku ulipopigana, na alama hizo hazifutiki. Kile kipimo cha wasafiri kilikuwa kinaona alama, basi. Kiliona kwamba kulikuwa na vita, hakikuuliza nani alishinda.

"Uliwahi kuugua manjano ukiwa mdogo?"

"Nusura nife."

"Basi ndipo hapo. Ule ugonjwa ulikuwa mwili wako unapigana. Kinga yako ilishtuka mapema ikaingia kwa nguvu zote, ikakishambulia kirusi huku na huku kwa pamoja, hata ini lenyewe likaumia. Ndiyo maana ulikuwa manjano. Lakini ilikimaliza."

"Na dada yangu? Yeye hakuumwa hata siku moja."

Daktari alisema kwamba mara nyingi huwa hivyo, kwamba asiyeugua ndiye anayebaki nacho. Kinga ya Tawhida nayo ilipigana, lakini kwa unyonge, sehemu chache tu, na kirusi kikawa kinabadili sura kila kinapotambuliwa. Askari wa mwili wakifukuza adui asiyekwisha hufika mahali wakachoka, wakabaki wamesimama tu na silaha mkononi. Wakachoka wakati yeye mwenyewe anajiona mzima. Shehata aliuliza kwa nini mmoja awe vile na mwingine awe hivi, mama mmoja, baba mmoja, sindano moja. Daktari Mervat akasema kuna mambo ya kurithi wanayoyachunguza, lakini akiulizwa ukweli mtupu, kwa watu hawa wawili, hajui.

Shehata akasema wachukue kipande cha ini lake wampe. Alikuwa amesikia kwamba inawezekana, na kwamba ini huota tena. Sasa kama yeye ni mzima, la kusubiri nini?

Hapo daktari alishindwa kumtazama. Ini la mtu mwenye alama halipokelewi, alisema, ndiyo taratibu za wapandikizaji. Tena hali ya Tawhida ilikuwa imefika mbali. Shehata alikaa pale, mikono yake mikubwa juu ya magoti. Alama ile ile iliyomnyima Ghuba, ikamnyima Inshirah, sasa ilikuwa inamnyima na hili. Na ilikuwa alama ya kwamba ameshinda.

Alizunguka ua wa hospitali mpaka alasiri kabla ya kuingia wodini. Alikusudia kutosema. Lakini Tawhida alikuwa amekaa, ameegemea mto, uso umemrudia kidogo, na alimsoma kabla hajafungua mdomo.

"Wamekupima wewe pia. Sema, ini lako limebaki kiasi gani?"

"Lote, dada."

"Lote vipi?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, askari wakaingia kabla ya kirusi, lakini dada yake alielewa. Tawhida alimkodolea macho, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, ameshika ubavu kwa maumivu.

"Yaani miaka yote hii nakata birsimu namlisha fahali! Basha, wewe ni mwizi. Nirudishie asali yangu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alianza kucheka bila kujua kinachochekwa. Shehata naye alicheka, kicheko kikamgeukia njiani, akainamia blanketi akalia. Tawhida alimwekea mkono kichwani. Aliuweka muda mrefu, na alipozungumza tena sauti ilikuwa imebadilika.

"Mimi mbona hamkunipima?"

Shehata alibaki ameinamia blanketi.

"Wewe, na yule kijana wa maabara, na mama tangu siku za manjano yako, Mungu amrehemu, na wote waliokuwa wanakuja kukupa pole wakaniacha nimesimama na sinia la chai. Hata mmoja hakuniuliza, Tawhida, na wewe je?" Aliutoa mkono kichwani pake. "Nenda kanywe maji. Nenda tu, nataka kukaa peke yangu."

Siku mbili hakuzungumza naye ila kwa lazima. Siku ya tatu aliomba malukhiya, mboga za majani zenye mlenda, na Shehata akazipika mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwake, zikawa kama gundi. Tawhida alizimaliza zote. Akiwa anajifuta mdomo alimuuliza kama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anatangulia kuchomwa, huenda kirusi kilitoka mkononi kwake kikaenda kwa mdogo wake. Ilionekana swali hilo ndilo lililomnyima usingizi, si lile lingine. Shehata alimwambia mstari ulikuwa mrefu, hakuna ajuaye. "Haya," alisema Tawhida. Lakini hakuonekana kuridhika.

Waliishi baada ya hapo muda wa mavuno mawili. Shehata alishika jembe. Mgongo ulimuuma, viganja vikapasuka, na Tawhida alikaa juu ya ukingo amejifunika shali, akimkosoa jinsi anavyoinama. Wakati mwingine alizungumzia watoto ambao Inshirah angewazaa nyumbani mwao, akiwataja mmoja mmoja, yupi angekuwa mtundu, yupi angefanana na baba yao. Shehata alimwomba aache. Alisema hawezi, kwa sababu aliwahesabu kuwa wake pia.

Tumbo lilijaa maji. Wakawa wanakwenda mjini kuyatoa, yakarudi. Halafu akili ikaanza kumpotea na kumrudia. Alitia chumvi kwenye chai. Aliwauliza wageni habari za mume aliyemwacha, kama vile ameondoka jana. Siku zake za mwisho alikuwa akiita kwa sauti ya ukali, "Shehata! Toka majini! Nimekwambia utoke," na Shehata, mwenye mvi, aliyekaa kando yake amemshika mkono, alimjibu kila mara, "Nimetoka, dada. Nimetoka." Alikufa saa tatu asubuhi, wanawake wa mtaa wakiwa wamemzunguka. Shehata alimbeba mpaka makaburini bila kumwachia mwingine nafasi yake kwenye jeneza, na watu walioamini kwa miaka kwamba wangemzika yeye walitembea nyuma wakinong'ona.

Baada ya arubaini, nyati alikataa kukamuliwa. Kila Shehata alipomshika chuchu aliruka, maziwa yakakauka siku kwa siku. Jirani mmoja akamshauri, na Shehata, baada ya kuona haya kwa siku kadhaa, akavaa gauni jeusi la Tawhida na kitambaa chake cha kichwa, akaingia zizini. Nyati alimnusa, akatulia, akatoa maziwa. Shehata alikamua ameegemeza kichwa kwenye ubavu wake, na hapo ndipo kilio cha msiba kilipompata.

Miaka ilipita, vidonge vikaja. Serikali ilitangaza kwamba kila mtu atapimwa, wanaume na wanawake, wasafiri na wasiosafiri, na atakayekutwa na kirusi atameza vidonge kwa miezi mitatu na atapona. Watu hawakuamini. Lakini walipona. Mwenye mkahawa alipona, akaleta sharubati ya waridi nyumba kwa nyumba, na kwa Shehata aliileta kwenye glasi nzima, akasimama mlangoni. Shehata aliinywa akamrudishia glasi.

Siku ya zamu ya mtaa wake alikwenda pale uani pa shule, akatobolewa kidole. Alama ilijitokeza kama kawaida. Wakamtoa damu kwa kipimo cha pili, na baada ya siku chache daktari kijana, msichana mwenye miwani, akamwita kwa bashasha kumpa hongera. Ni mmoja katika wachache, alisema. Mwili wake umejitibu wenyewe bila kidonge hata kimoja. Akauliza kama katika familia yake kuna mwingine aliyekutwa nacho.

"Alikuwepo dada yangu."

"Naye aje, mzee. Matibabu ni bure."

"Alifariki."

Akauliza ni lini, na Shehata akamwambia. Msichana alionekana kupiga hesabu, ni miaka michache kiasi gani iliyotenganisha msiba ule na kuja kwa vidonge. Alivua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya koti lake.

Nyuma ya Shehata mstari ulikuwa mrefu, na wanawake walikuwa wamebeba watoto juani. Alimshukuru, akampisha anayefuata. Alasiri ile ilikuwa zamu ya shamba lake kupata maji ya mfereji, na kama asingewahi kuyafungulia yangepita yakaenda kwa wengine. Akakunja kanzu yake mpaka magotini, akaondoka.